Krenki inalia na kila mtu ana dawa yake: tuelewane kwanza kilicholegea ni nini

Ukikaa kijiwe chochote cha mafundi baiskeli hii kesi huikosi. Mtu anafika na Phoenix yake ya siku nyingi, anasema fundi krenki imelegea, inagonga ko, ko, ko kila nikikanyaga, na kabla hajashusha stendi ushauri umeshamwagika, mmoja anasema kaza nati, mwingine anasema hizo gololi zimekwisha badilisha zote, wa tatu anasema weka oili tu mbona ndogo hiyo, na ajabu ni kwamba wote watatu wana ushahidi maana za kwao zilipona hivyo hivyo. Mi mwenyewe nilishakuwa huyo mwenye baiskeli. Nilimwagiwa oili wiki tatu mfululizo, kelele inakata siku mbili inarudi, mpaka siku moja nimepakia madumu mawili ya maji, nasimama kwenye pedeli kupanda kimlima, krenki ya kushoto ikazunguka peke yake na mimi nikakalia bomba la fremu, hapo sielezi zaidi.

Kumbe wale watu hata hawakuwa wanabishana. Neno "krenki imelegea" limebeba magonjwa matatu tofauti, yanalia karibu sawa lakini dawa ya huu haiponyi ule, na kila mmoja pale kijiweni alikuwa anaelezea ugonjwa aliowahi kuugua yeye.

Tukubaliane majina maana kila mkoa una yake. Pedeli ni pale unapoweka mguu. Krenki ni ule mkono wa chuma unaotoka kwenye pedeli kwenda katikati, ziko mbili, ya kulia ndio imebeba lile gia kubwa la cheni. Ekseli ya kati ni chuma kilicholala ndani ya bomba fupi la chini ya fremu, kinapita upande hadi upande na ndicho kinachounganisha krenki mbili. Ekseli hiyo inazungukia gololi, vile vijipira vya chuma, na gololi zimekaa ndani ya vikombe viwili vilivyofungwa kwa thredi kwenye lile bomba, kimoja kulia kimoja kushoto. Halafu kuna kota pini, kijichuma kama kidole kidogo kinachopita kwenye krenki na kuibana kwenye ekseli, upande mmoja kimechongwa bapa, mwisho wake mwembamba una thredi na nati ndogo. Baiskeli nyingi za kizamani tulizokua nazo, Phoenix ya Shanghai, Hero ya India, Raleigh ya Mwingereza, zote zimefungwa kwa mtindo huo wa kota pini.

Kwa hiyo kuna maungio matatu. Pedeli inaungana na krenki, krenki inaungana na ekseli, ekseli inakaa kwenye fremu kupitia gololi. Ugonjwa uko kwenye moja ya hayo matatu, au kama baiskeli imeteseka sana basi mawili kwa pamoja.

Sasa kwa nini ungio la krenki na ekseli ndio linasumbua kuliko yote? Fanya hesabu ndogo. Krenki ina urefu wa kama sentimita 17. Ekseli unene wake ni kama milimita 16, maana yake kutoka katikati hadi ukingoni ni milimita 8 tu. Ukisimama kwenye pedeli na uzito wako wa kilo 70, ule mkono unafanya kazi kama mtaimbo, unachokanyaga huku mwisho kinafika kule kwenye pini kimezidishwa zaidi ya mara ishirini, yaani kijichuma chenye unene wa kidole cha mtoto kinabeba zaidi ya tani moja. Ukizungusha mara 60 kwa dakika, kwa saa moja hiyo tani imekuja na kuondoka mara 3,600. Na haiji upande mmoja tu, maana mguu unaopanda huwa bado umeegemea pedeli kidogo, kwa hiyo unairudisha krenki nyuma kidogo kabla ya kuisukuma tena mbele. Pakiwa na nafasi hata ya unywele hapo katikati, chuma kinapiga chuma kwenda na kurudi, na kila kipigo kinaipanua ile nafasi. Ndio maana krenki iliyolegea haikai ikakuzoea, ikianza tu inaongezeka.

Kosa kubwa ninalolisikia ni kudhani kota pini inashikwa na nati. Hapana. Kota pini ni kabari. Fikiria jembe na mpini wake, jembe likilegea hufungi nati popote, unaukita mpini chini au unagongea kabari, na kinacholishika ni ule ubanano wa kitu kinene kulazimishwa kwenye tundu jembamba. Kota pini ni hivyo hivyo, bapa lake limechongwa kwa mteremko, ukiigonga kutoka upande mnene inaingia na kubana ekseli, inavyozidi kuingia ndio inavyozidi kubana. Nati kazi yake ni kuizuia isirudi nyuma basi. Ukichukua spana ukaanza kuivuta pini kwa nati ili iingie, unachopata ni nati kula thredi, halafu sasa huna pini wala nati, na mtu anakwambia hizi spea za siku hizi ni feki. Ni kweli zipo laini kama ugali, siwatetei, lakini nyingi tunaziua wenyewe.

Na oili je? Turudi kwenye jembe. Sote tunajua ule mtindo wa kulaza jembe lililolegea kwenye ndoo ya maji usiku, asubuhi mbao imevimba limekaza safi, jua la saa nne likiwaka limelegea tena. Oili kwenye kota pini iliyolegea ni maji kwenye jembe. Inajaza ile nafasi, inanyamazisha chuma kwa chuma kwa siku mbili tatu, huku mchezo wenyewe uko pale pale unaendelea kula. Kukaa kimya sio kupona. Mi ile wiki ya tatu nilipokuja kufungua, ule mkato kwenye ekseli ambao bapa la pini hulalia ulikuwa umeshakuwa mviringo, nikanunua ekseli nzima kwa ajili ya pini ambayo ningeibadilisha kwa hela ya vocha.

Kabla hujagonga chochote basi, tafuta. Na usiamini masikio peke yake, fremu ni mabomba matupu, ni ngoma, kinacholia kwenye siti utaapa kinalia chini ya miguu. Anza kwa kuendesha kidogo halafu uache kukanyaga, baiskeli iendelee yenyewe. Kelele ikiendelea wakati miguu imetulia, hiyo ni tairi au ekseli za matairi, achana na krenki. Ikikata, basi iko kwenye kukanyaga. Sasa endesha umenyanyuka kwenye siti, kelele ikipotea ulikuwa unazikalia springi za siti, kuna watu wamefumua gololi zote kwa sababu ya springi ya siti na wapo humu humu wanasoma. Ukisikia mlio mmoja kila mzunguko wa pedeli, mguu ule ule, sehemu ile ile, umeshakaribia nyumbani.

Halafu tumia mikono. Shika krenki ya kushoto karibu na pedeli, itikise kuelekea kwenye fremu na kutoka, sio kuizungusha, itikise ubavu. Mwambie mtu aiangalie ya kulia. Ukivuta hii na ile nyingine nayo ikacheza, ina maana ekseli yote inacheza kwenye vikombe, tatizo ni gololi au vikombe. Ikicheza hii peke yake na mwenzake katulia, tatizo ni pini ya upande huo. Zote zimetulia ila pedeli yenyewe inayumba, basi ni pedeli.

Kuna kipimo kingine ambacho kwangu ndio baba lao kwa kota pini. Weka krenki zilale, moja mbele moja nyuma, shika breki, simama juu ya pedeli zote mbili hapo hapo ulipo, jisukume kidogo kidogo. Shuka, zungusha nusu mzunguko ili ya mbele iwe nyuma, simama tena. Pini iliyolegea itakuambia, utasikia ko moja wakati inahama upande, na mara nyingi unaihisi kwenye unyayo kabla hujaisikia. Mwisho toa cheni kwenye gia, zungusha krenki kwa kidole. Ikizunguka laini kama feni ikatulia yenyewe, gololi ni nzima. Ikizunguka kama inasaga mchanga, inasaga mchanga kweli.

Umeshapata jibu, sasa dawa.

Kama ni kota pini, legeza nati mpaka ilingane na mwisho wa pini, usiitoe yote, iache ilinde thredi. Weka mafuta ya kulegeza kutu, au changanya mafuta ya taa na oili kidogo, acha usiku mzima kama ina kutu. Sasa sikiliza hapa maana ndipo gololi za watu wengi zilipofia: usigonge krenki ikiwa inaning'inia hewani. Ukigonga hivyo nguvu yote inapita kwenye ekseli inaenda kwenye gololi, gololi zinachimba vishimo kwenye vikombe, unatoka na pini mpya na baiskeli inayosaga. Tafuta kipande cha bomba la chuma kinachofika kutoka chini sakafuni hadi kwenye krenki, kisimamishe ili kichwa kinene cha pini kiwe na nafasi ya kutokea ndani ya tundu la bomba, krenki yenyewe iegemee juu ya bomba. Hapo nguvu inashuka ardhini. Gonga kipigo kimoja kizito kilichonyooka, nyundo ya maana. Vile vipigo vidogo vidogo vya uoga ndio vinavyopinda pini na kuichanua kichwa, na ikishapinda kazi yake ni drili.

Ile ya zamani ikitoka usiitupe, nenda nayo dukani. Pini nyingi za baiskeli za kiingereza na zilizoigwa kwao zina unene wa milimita 9.5, ila zipo za milimita 9, kwa macho huwezi kutofautisha na muuzaji naye atakwambia hizi ni zile zile. Jaribu ya zamani na mpya, moja moja, kwenye tundu la krenki. Ya 9 kwenye tundu la 9.5 itaingia vizuri tu, hata utafurahi, na itaanza kulia jioni hiyo hiyo. Ndipo watu wanapokata bati la kopo wanaizungushia, na nikiri nimeshafanya, inakufikisha nyumbani, lakini bati ni laini, linapondeka siku hiyo hiyo na tundu la krenki linaanza kuwa yai.

Pini mpya mara nyingi haikai sawasawa bila tupa. Paka bapa lake masizi ya sufuria, iingize kwa mkono, igonge kidogo, itoe uangalie. Masizi yakifutika upande mmoja tu, bapa halilali vizuri kwenye ekseli, piga tupa pale palipogusa, jaribu tena. Unataka lifutike karibu lote. Ukiona baada ya kugonga thredi zinachungulia kidogo tu hata washa (kile kibati cha duara kinachokaa chini ya nati) na nati haviingii, bado nene, punguza. Ukiona imepitiliza mpaka thredi zote ziko nje, umekula sana au pini sio saizi. Na kama unabadilisha zote mbili zipige tupa sawa sawa, vinginevyo krenki hazitakaa kwenye mstari mmoja.

Hilo la mstari lina ndugu yake. Watu wengi wanafunga pini zote mbili nati zikitazama juu kwa wakati mmoja, wanaona ndio unadhifu. Ukifanya hivyo krenki moja inapinda mbele kidogo na nyingine nyuma, unaendesha unahisi mguu mmoja umefupishwa. Kanuni ni hii, krenki ya kulia ikilala mbele na nati yake ikatazama juu, ya kushoto nayo ikifika pale pale mbele nati yake itazame juu. Maana yake kwa wakati mmoja nati moja iko juu na nyingine iko chini.

Igonge iingie, ukiwa na lile bomba lako chini kama mwanzo, vaa washa, kaza nati kwa kiasi. Basi.

Kama ni gololi hadithi ni fupi zaidi ila ina mtego mmoja. Vikombe havifanani. Cha kulia, upande wa cheni, kwenye baiskeli za mtindo wa kiingereza kina thredi za kinyume, kinafunguka kwa kuzungusha upande ambao kingine chochote kinafunga. Watu wamekipanda na spana malaya na bomba la mita nzima wakidhani kimeganda kumbe wanakikaza. Kwa kawaida hicho hukigusi kabisa kama hakijalegea, unafungua cha kushoto ambacho kina ringi ya kukifunga kwa nje, unavuta ekseli kupitia huko. Safisha kila kitu kwa mafuta ya taa, angalia vikombe na zile sehemu za ekseli ambazo gololi hupita, ukiona vishimo hapo hakuna grisi itakayokusaidia. Gololi zake ni za robo inchi, kumi na moja kila upande zikiwa huru bila keji (kile kishikio cha bati kinachozipanga), na badilisha zote kwa pamoja, ukichanganya mpya na zilizolika zile mpya ndio zinabeba mzigo wote wenzake wanaangalia. Grisi ya kutosha. Kwenye kukaza kikombe cha kushoto unatafuta ile sehemu ambayo mchezo umeisha lakini krenki bado inazunguka laini, ukishaipata shikilia kikombe kisizunguke huku unakaza ringi, maana ringi ina tabia ya kukivuta kikombe pamoja nayo.

Pedeli nayo ina kinyume chake, ya kushoto ina thredi za kinyume. Kijana anainunua, inakataa kuingia, anailazimisha, na krenki imekufa. Pedeli za kushoto na kulia sio mapacha, nyingi zina herufi L na R mwisho wa chuma chake, angalia kabla ya kutumia misuli.

Sasa kuna hizi za mtumba, za Japani na Ulaya, ambazo hazina kota pini kabisa. Ukiangalia mwisho wa krenki unakuta kifuniko, chini yake bolti, mara nyingi ya spana ya boksi namba 14, na ndani yake ekseli imechongwa pande nne. Watu wanadhani hizi ni teknolojia nyingine kumbe ni jembe lile lile, ule mraba umechongwa mteremko, krenki inasukumwa juu yake mpaka inabana. Tofauti ni kwamba hapa bolti ndiyo inayoisukuma kwa hiyo hapa kukaza kunafanya kazi kweli, na inataka nguvu ya maana, kama una spana ya sentimita 20 isukume kwa nguvu ya kama kilo 18 hadi 20 mwishoni mwake. Wengi wanakaza kwa vidole wakiogopa. Halafu ubaya wake, krenki nyingi za hizi ni aluminiamu na ekseli ni chuma kigumu, ukiendesha imelegea hata siku chache tundu la mraba linaanza kuwa mviringo, na likishafika hapo utakaza asubuhi italegea mchana, hiyo krenki ni ya kubadilisha sio ya kukaza. Kwa hizi kusema "ntaiangalia mwisho wa wiki" ni ghali.

Zile za BMX za watoto, krenki zote mbili ni chuma kimoja kilichopindwa, hazina cha kulegea zaidi ya koni (kile kinachobana gololi) na nati yake upande wa kushoto, na nazo hizo ni za kinyume. Ukisikia mlio hapo, ni gololi au pedeli.

Turudi kwenye kota pini maana kuna jambo watu hawaambiwi wakaja kulaumu fundi bure. Pini mpya hata ikifungwa na bingwa italegea kidogo siku za mwanzo, bapa linaendelea kujilaza kwenye ekseli kadri unavyokanyaga, ule mchakato wa masizi unajimalizia wenyewe barabarani. Endesha kama kilomita 20 au 30, rudi na bomba na nyundo, igonge mara moja tena, kaza nati. Fanya hivyo tena baada ya siku kadhaa. Ya kwangu safari ya kwanza ilikubali kama nusu mzunguko wa nati, ya pili robo, ya tatu nikaweka spana haikusogea, nikapakia madumu yangu.